Pindo la Akiba

Fomu ya kaunti ina kurasa kumi na mbili.
Ukurasa wa tatu unauliza:
mji utaongezeka kwa asilimia ngapi
katika miaka ishirini ijayo?
Pana kisanduku kimoja.
Alama ya kutoa haikutengewa nafasi.

Nimeshuka Siyu na fomu hiyo kwapani,
na futi ya chuma, na chaki ya bluu.
Milango niliyogonga: mia tatu na minane.
Iliyofunguliwa: mia moja na arubaini.
Mingine nilijibiwa na mbuzi,
mmoja na mpapai uliopasua sakafu ya ukumbi
ukachungulia pale palipokuwa dari,
umezaa, na hapana ajuaye mapapai ni ya nani.

Sikuandika "gofu".
Gofu ni neno la mgeni mwenye kamera.
Bi Mwanatumu Famau, aliyenishika mkono vichochoroni,
husema: hapa ni kwa Lali, yuko Mombasa, bandarini.
Hapa ni kwa kina Shee Bunu,
wote Jeddah, isipokuwa aliyezikwa.
Hapa penye mpapai niliolewa mara ya kwanza;
usiniulize.

Mkutano tuliufanya darasani,
madawati mengi kuliko watoto.
Mwalimu Avo akasema, leteni lami, watu watarudi.
Akapigiwa makofi.
Lami hiyo twaipigia makofi tangu sijazaliwa.
Kisha Athmani wa pampu, mikono ina grisi:
"Pampu ni ya watu elfu mbili. Tu mia saba.
Dizeli haijui hesabu, yanywa vile vile.
Bomba la kusini lapeleka maji nyumba nne,
na moja katika hizo ni ya paka."

Wakacheka.
Kisha wakaacha kucheka,
maana walikuwa wamekwisha kuelewa:
nyumba tatu zihame, zisogee penye watu,
na ya tatu ni ya Mwanatumu.

Shekuwe mshoni hakusimama.
Alikuja na kastabani kidoleni, akaisahau humo.
"Mtu akikonda," alisema, "nguo haitupwi.
Wala hashindiliwi wali hadi aijaze.
Inapunguzwa kiunoni, basi.
Ila fundi mwizi hukata kitambaa kilichozidi
akamshonea mwanawe kofia.
Fundi mwaminifu hukikunja ndani.
Lile ni pindo la akiba.
Siku mwenye nguo akinenepa, unafumua."

"Na asiponenepa?" akauliza Mwanatumu.

Shekuwe akatazama kastabani yake.
"Basi atakuwa na nguo inayomkaa."

Ubaoni tukachora hadi chaki ikaisha.
Kisima cha kusini kifunikwe, kisifukiwe.
Mawe yaliyoanguka yaponye kuta zinazokaliwa,
asichimbe mtu matumbawe mapya
na ya babu zake yamelala njiani.
Kuta zisizo na paa zivikwe chokaa vichwani,
mvua isizinywe kutoka juu;
ndani yake mbaazi, ndimu, asmini.
Viwanja vya walioondoka visiuzwe.
Hili lilitugombanisha hadi adhuhuri,
kuna waliokwisha kupokea pesa.

Mwanatumu alikubali kwa masharti.
Boriti zake zimfuate, zote kumi na tisa.
Ufunguo hatoi.
Na mui usiseme amehama: amesogea.

Nilirudi Lamu, nikakabidhi.
Mkubwa wangu ni mtu mwema, ana kiharusi cha mihuri.
Akanirudishia ukurasa wa tatu:
tafadhali jaza asilimia.
Nikaandika kutoa kumi na nane.
Mashine ikakataa.
Nikaandika sifuri, mashine ikafurahi,
nami nikaona haya
kama niliyemwambia mgonjwa amenawiri.

Nilichobakisha nimekiandika pembeni, kwa penseli,
pale karatasi inapokunjwa kuingia kwenye faili.

Mwezi wa pili yake ukaja mfuko kutoka Siyu,
umefungwa kwa uzi wa kushonea:
mapapai manne, moja limebondeka,
na kipande cha daftari la shule.
*Nimepita jana kufungua mlango, kuumwagia maji.
Hesabu na haya.*